Umefunga kemshafti kubwa, sasa gari haitulii: maswali ya kutyuni kompyuta ya injini

Haya maswali ya kutyuni, yani kupanga upya namba za mafuta na cheche kwenye kompyuta baada ya kubadilisha kemshafti (ile shafti inayofungua na kufunga valvu), naulizwa karibu kila wiki, mengine kwa simu saa nne usiku mtu yuko barabarani gari imemzimikia, ndo nikaona niyaandike sehemu moja. Mifano mingi naitoa kwenye Toyota 4A-GE ya valvu 16 kwasababu ndo iko kwenye Corolla yangu na ndo injini niliyoitesa kuliko zote, ila mengi ni yaleyale kwa injini nyingine za Toyota kama 1JZ na 3S, na za Subaru na Honda. Nipo Dar, kwahiyo mkiona naongelea sana joto na foleni mnivumilie.

Kemshafti "kubwa" ni kubwa wapi? Mbona nimeiweka pembeni ya ya zamani naona zinalingana?

Urefu zinalingana, lazima zilingane, vinginevyo haiingii. Tofauti iko kwenye zile nundu zinazosukuma valvu. Nundu ikiwa pana, valvu inakaa wazi muda mrefu zaidi, na ikiwa ndefu, valvu inafunguka zaidi. Zile namba mnazoona, 256, 264, 272, 288, ni digrii za mzunguko wa krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) ambazo valvu inakuwa wazi, na mzunguko mzima wa kazi wa injini ni digrii 720 yani krenki izunguke mara mbili. Za kiwandani za 4A-GE zinacheza karibu na 240, sasa ukiweka 272 umeongeza digrii zaidi ya 30, sio kitu kidogo hicho.

Angalizo tu, watengenezaji hawapimi sawa. Mwingine anaanza kuhesabu valvu inapoanza kutikisika, mwingine anasubiri mpaka ifunguke milimita 1. Unaweza kununua 264 ya huyu ikawa pole kuliko 256 ya yule, kwahiyo soma ile karatasi inayokuja na boksi, msiwe mnaitupa.

Kwanini sasa kompyuta ihusike? Kemshafti si chuma tu?

Ni chuma, ila ndo mapafu ya injini. Kompyuta, au kontrol boksi kama mafundi wengi wanavyoita, ina majedwali ndani yake yaliyopimwa kiwandani: injini ikiwa mizunguko 2,000 kwa dakika na hewa imeingia kiasi hiki basi mwaga mafuta kiasi hiki na cheche ipige digrii hizi kabla pistoni haijafika juu. Majedwali hayo yalipimwa na kemshafti ile ya zamani. Wewe umebadilisha mapafu na hujamwambia mtu.

Kemshafti kubwa ina kipindi kirefu ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi kwa pamoja. Mizunguko ikiwa juu hiyo ni neema, moshi unaotoka kwa kasi unavuta hewa mpya iingie. Mizunguko ikiwa chini ni balaa, moshi unarudi nyuma mpaka kwenye manifodi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), hewa safi inapungua, vakyumu yani ule mvuto ndani ya manifodi inashuka, silinda moja inapata hiki nyingine inapata kile. Kwahiyo injini ileile chini inapumua vibaya kuliko zamani na juu inapumua vizuri kuliko zamani, na kompyuta haina habari na yote mawili.

Fundi ameniambia nitoe waya wa betri nusu saa halafu kompyuta itajifunza yenyewe.

Hapana. Yani kuna kaukweli kadogo humo ndani ndo maana hii stori haifi. Kompyuta inajirekebisha kidogo kwa kutumia sensa ya oksijeni, inaongeza au kupunguza mafuta, mara nyingi haivuki asilimia 25. Ila inafanya hivyo ukiwa unaendesha taratibu tu. Ukikanyaga mafuta mpaka chini haisikilizi tena ile sensa, inarudi kwenye jedwali la kiwandani, na hapo ndo kemshafti yako inaingiza hewa nyingi kuliko zamani, kwahiyo mafuta yanakuwa pungufu wakati wa mzigo mkubwa kabisa. Kuhusu cheche ndo kabisa, haijifunzi kitu. Ukitoa waya wa betri unafuta hata kile kidogo ilichokuwa imeshika, na redio yako inasahau stesheni.

Kuna mtu ana mashine ya daignosisi, hawezi kunityunia?

Ile inasoma. Kile kidude cha blutuuthi kinachochomekwa chini ya usukani pia kinasoma tu. Ni vizuri kuwa nacho, utaona joto la maji, makosa, sensa zinasemaje, ila kusoma jedwali na kuliandika upya ni vitu viwili tofauti.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuandika upya kompyuta ya kiwandani, hii inategemea gari. Subaru nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zinafunguka kupitia soketi ileile ya daignosisi ukiwa na kebo na programu sahihi, Toyota za enzi za 4A-GE na 1JZ za mwanzo hazifunguki hivyo. Ya pili ni kale kaboksi ka kudanganya, kanakaa katikati ya sensa na kompyuta kanabadilisha taarifa, nyingi zilifungwa zamani na bado zipo kwenye magari yanayotoka Japani. Kwa kemshafti ndogo inasaidia, kwa kubwa utalia, maana unadanganya hewa ili upate mafuta, kumbe hewa ileile ndo kompyuta inaitumia kuamua cheche, unarekebisha hapa unaharibu pale. Ya tatu ni kompyuta inayojitegemea, Link, Haltech, MegaSquirt na wenzao, unatupa ya zamani unaanza upya. Mimi nina MegaSquirt, nimeichomelea mwenyewe kwa risasi, na sikushauri uanzie hapo kama hupendi kukaa usiku.

Nikishafunga kemshafti naweza kuendesha mpaka kwa mtyunaji?

Kama ni ya 256 na injini haina turbo, endesha taratibu, usivuke mizunguko 3,000 na usikanyage mpaka chini. Kama ni 272 au ina turbo, weka kwenye gari ya kubebea. Najua inauma kulipia breki dauni wakati gari inawaka. Pistoni inauma zaidi.

Nini kikaguliwe kabla ya kufungua laptopu?

Hapa nitakaa kidogo, maana magari mengi yanayoletwa "kutyuniwa" yana ugonjwa wa spana, sio wa kompyuta.

Gari yangu mwenyewe mara ya kwanza. Nimefunga kemshafti mbili za 264, nimewasha, inatetemeka kama ina malaria. Nikajiambia ndo hivyo, kemu kubwa bwana, ndo utamu wake. Nikakaa na jedwali la mafuta siku mbili nzima, naongeza napunguza, ikifika 3,000 inazubaa, juu haina nguvu kabisa. Siku ya tatu jamaa yangu mmoja, hata sio fundi, anashikilia tochi tu, akauliza "hivi hii alama ya puli inatakiwa iwe hapa au hapa?" Belti ya taimingi ilikuwa imeruka jino moja kwenye puli ya valvu za kutoa moshi. Jino moja kwa injini nyingi ni zaidi ya digrii 10 za krenki. Siku mbili za laptopu, kosa la dakika arobaini.

Kwahiyo alama za taimingi kwanza, na zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili halafu angalia tena, usiangalie mara moja. Halafu nafasi ya tapeti, vile vikombe vilivyo kati ya nundu na valvu. 4A-GE ya valvu 16 inatumia shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo), ikiwa ya baridi upande wa hewa unataka milimita 0.15 mpaka 0.25, upande wa moshi 0.20 mpaka 0.30, ila kemshafti ya kununua inaweza kuja na vipimo vyake kwahiyo fuata karatasi yake. Tapeti ikiwa imebana valvu haifungi vizuri ikipata moto, utaona silinda moja inamisi, yani mafuta yake hayaungui, na utalaumu plagi. Springi za valvu nazo, kama kemshafti inanyanyua zaidi ya ya kiwandani na wewe umebakiza springi zilezile zenye miaka thelathini, usije kuniuliza kwanini juu inakatakata.

Mingine ya haraka haraka: mipira ya vakyumu isivuje, plagi mpya, kompresheni ipimwe silinda zote, saizi ya injekta ijulikane kwa uhakika sio kwa kukisia. Na cheche uihakiki kwa taa ya taimingi: unaiambia kompyuta ifunge kwenye digrii 10, unamulika puli, taa nayo lazima ikuonyeshe 10. Ikionyesha 16 basi kila namba utakayoandika baadae ni uongo wa digrii 6.

Ni kweli kemshafti mpya haitakiwi kuachwa kwenye sailensi (kuwaka bila kukanyaga mafuta) ukiwasha mara ya kwanza?

Watengenezaji wengi wanataka hivyo, iwake na ishikiliwe karibu mizunguko 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika kama 20 ili nundu na tapeti zizoeane huku zikipata oili ya kutosha. Maana yake jedwali la kuanzia lazima liwe na akili, huwezi kuwasha na kuzima mara kumi ukitafuta. Mafuta, maji, oili, feni, vyote viwe tayari. Na waambie majirani.

Kwanini sailensi ndo inasumbua kuliko vyote?

Maana hapo ndo kemshafti kubwa inapumua vibaya zaidi, na hapo ndo gari ya Dar inaishi. Mtu anakuja na stori za farasi wangapi, nguvu ya kukanyaga mpaka chini mimi naipata kwa mchana mmoja. Sailensi na mwendo wa foleni, wiki.

Jambo la kwanza, sahau mizunguko 700 au 800 ya kiwandani. 264 itataka 900 hivi, 272 itataka 950 mpaka 1,050. Pili, sahau 14.7 kwa 1, ule uwiano wa kawaida wa hewa kwa mafuta. Sensa ya oksijeni hapa inadanganya: kwakuwa valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja, moshi unaorudi unachafua hewa safi, injini inamisi kidogo kidogo, na kila ikimisi inaacha oksijeni kwenye egzosi. Sensa inaona oksijeni, inasema mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza, inazidi kumisi, sensa inaona oksijeni zaidi. Ndo unaona gari inanuka petroli mpaka macho yanawasha na mashine inaonyesha mafuta pungufu. Zima hicho kipengele cha kujirekebisha kwenye sailensi, kiache kifanye kazi kuanzia mwendo wa kawaida.

Mi nafanya hivi. Injini ipate moto wake kamili, AC imezimwa, feni imezimwa. Nafunga cheche kwenye digrii 16, nafungua skrubu ya hewa mpaka ikae 950. Naangalia presha ya manifodi, zamani ilikuwa inakaa karibu 35 kPa (hewa ya nje ni kama 101, namba ikipanda ujue vakyumu imepungua), sasa iko 50 na inachezacheza. Napunguza mafuta kidogo kidogo mpaka nasikia inaanza kujikwaa, halafu narudisha asilimia 3 au 4. Yangu ilipenda 13.4, ya kwako inaweza kupenda nyingine, sikio na presha ndo vinasema, sio namba niliyokuandikia hapa. Kisha vyumba vya jirani kwenye jedwali nanyoosha viwe karibu sawa, maana ile presha ikicheza kati ya 46 na 54 na kila chumba kina namba yake, injini inapanda inashuka kama inapumua.

Halafu cheche ndo dawa yenyewe. Naweka mteremko: mizunguko ikianguka mpaka 700 cheche iwe 22, ikiwa 950 iwe 16, ikipanda 1,200 iwe 10. Ikitaka kuzima inapata nguvu yenyewe, ikitaka kupanda inapoozwa, na hiyo ni haraka kuliko valvu yoyote ya hewa. Siku nimegundua hii niliwasha AC, nikakata usukani mpaka mwisho, taa zote, redio, ikazama kidogo ikarudi. Nilikaa tu naisikiliza.

Imetulia gereji ila kwenye foleni inaruka ruka na nikifika mataa inazima.

Mambo mawili tofauti hayo.

Kuruka ruka ukiwa gia ya pili, mguu umegusa tu, mizunguko 1,500, ni jedwali lina mabonde, au digrii za cheche ni chache. Chini pale kuna moshi mwingi uliorudi umechanganyika na hewa safi, unaungua polepole, kwahiyo cheche inataka kuwahi zaidi kuliko jedwali la kiwandani. Ongeza digrii mbili mbili, nyoosha mafuta.

Kuzima ukifika mataa ni kile kipengele cha kukata mafuta ukiachia mguu. Kiwandani mafuta yanarudi kama kwenye 1,200 hivi, injini ya zamani ilikuwa inawahi kujishika. Yako sasa haiwahi. Weka yarudi kwenye 1,700 au 1,800. Hiyo peke yake imewahi kumaliza kesi ambayo mtu alishaambiwa anunue pampu mpya ya mafuta.

Na tafadhali jaribu na AC, saa nane mchana, hewa inayoingia ina nyuzi 50 sababu imekaa juu ya injini. Gari iliyotyuniwa saa moja asubuhi haijatyuniwa.

Kanyagio la breki limekuwa gumu baada ya kufunga. Lina uhusiano?

Lina uhusiano kabisa na usiendelee kuendesha hivyo. Busta ya breki inatumia vakyumu ya manifodi, na kemshafti kubwa imeila. Kama sailensi iko 60 kPa na zaidi, ukigusa breki mara ya pili au ya tatu mfululizo unabaki na mguu wako tu. Kagua valvu ya njia moja kwenye mpira wa busta, funga tanki la akiba la vakyumu, au pampu ya umeme. Hili halityuniki.

Injini yangu ina VVT-i, ule mfumo wa Toyota wa kusogeza kemshafti injini ikiwa inawaka, nayo inahitaji kutyuniwa?

Ndio, na ni bahati yako. VVT-i inaweza kurudisha kemshafti nyuma kwenye sailensi ili zile valvu zisifunguke pamoja sana, unapata utulivu chini na nguvu katikati. Ila usiachie jedwali la kiwandani lile la kusogeza digrii, lilipangwa kwa nundu ndogo. Kemshafti kubwa ikisogezwa mbele sana valvu inaweza kubusu pistoni. Nafasi kati ya valvu na pistoni ipimwe kwa udongo wa kuchezea au geji kabla, na mpaka uwekwe kwenye kompyuta kufuatana na kipimo hicho.

Kuna noki inasomeka ila mi sisikii chochote.

Noki ni mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda, ila hiyo yako inaweza kuwa tapeti. Kemshafti kali inapiga kelele, springi ngumu nazo zinapiga, na sensa ya noki haina macho, inasikia mtikisiko tu. Toa digrii 3 za cheche kwenye eneo hilo, kama "noki" haipungui hata kidogo basi ni kelele za chuma. Ikipungua ilikuwa noki kweli, shukuru. Vaa zile hedifoni za kusikilizia bloku kama unazo. Na usije ukaizima sensa kwakuwa inakusumbua.

Nimetyuni Dar, nikienda Mbeya au Arusha itakuwaje?

Swali zuri, watu wengi hawaulizi mpaka wako mlima Kitonga, njia ya Mbeya. Dar hewa ina presha karibu 101 kPa, Arusha kwenye mita 1,400 hivi ni kama 86, Mbeya kwenye mita 1,700 ni kama 83. Nguvu itapungua, hiyo haikwepeki kama huna turbo. Kama kompyuta inapima presha ya manifodi mafuta yatajipunguza yenyewe karibu sawa. Kama unatumia zile throto nne, moja kwa kila silinda, na kompyuta inaangalia tu umekanyaga kiasi gani, basi bila sensa ya presha ya nje utapanda mlima huku unamwaga mafuta ya Dar kwenye hewa ya Mbeya, moshi mweusi mpaka juu.

Kingine ni baridi. Dar asubuhi injini iliyolala ina nyuzi 26, huwezi kujua kama jedwali la kuwasha kwa baridi liko sawa maana baridi hamna. Unalala Mbeya mwezi wa saba, asubuhi chini ya nyuzi 10, gari inapiga starta tu haiwaki na wewe umevaa kaptula. Ongeza mafuta ya kuwasha kwa makisio kabla ya safari, na laptopu ilale na wewe sio kwenye buti.

Lazima niende kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari?

Kwa sailensi, foleni na mwendo wa kawaida hapana, barabara inatosha ukiwa na waidibendi nzuri (sensa ya oksijeni inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana) na mtu wa pili. Mmoja anaendesha, mmoja anashika laptopu, na hilo halina mjadala, nishaona mtu anatyuni peke yake Mandela Road. Kwa cheche za kukanyaga mpaka chini daino ndo sehemu yake, maana unaongeza digrii moja unaona nguvu imeongezeka au haijaongezeka, na ikiacha kuongezeka unarudi nyuma. Barabarani hujui umeacha kufaidika wapi na umeanza kubomoa wapi. Mafuta yakiwa 12.5 mpaka 13 kwa 1 kwa injini isiyo na turbo, karibu 11.5 kwa yenye turbo, ni pa kuanzia pazuri. Tumia petroli utakayokuwa unaweka kila siku, sio ile ya dumu umeitunza kwa ajili ya siku hiyo.

Nipandishe limita ya mizunguko?

Kemshafti inahamisha nguvu juu, kwahiyo kishawishi kipo. Limita inaamuliwa na springi, pistoni na konrodi. Angalia kwenye daino nguvu inaanza kushuka wapi, ongeza 300 mpaka 400 hapo, kama vyuma vinaruhusu.

Itakula mafuta?

Foleni ndio. Safari ndefu mwendo wa 90 tofauti ni ndogo ikityuniwa vizuri.

Mi nataka ule mlio tu, ule wa kudundadunda. Unaweza kunityunia mlio bila kemshafti?

Inawezekana, unachezea cheche na hewa kwenye sailensi mpaka injini nzima ionekane mgonjwa. Egzosi inapata moto, plagi zinaweka masizi, presha ya oili chini inashuka. Mi huwa nawaambia nendeni kwa mtu mwingine, na wanaenda. Mmoja alirudi baada ya miezi mitatu kuniuliza naweza kuutoa.